Mpira Uliongoja Sirene

Ukifika Manika, hapa Kolwezi, panda taxi-moto yoyote na umwambie dereva akupeleke kwenye nyumba ya etaje, ile ghorofa yenye balkoni ya kijani. Hatakuuliza ni barabara gani. Ni yangu. Niliijenga bila mkopo, bila mjomba mkubwa serikalini na bila diploma, maana kalasa niliiacha katika mwaka wa tano wa primeri. Makamyo, yale malori yanayolala mbele ya depo, ni yangu pia. Watu wenye koti na kravati wananiita patron, na mi naitika bila haya, kwa sababu hilo jina sikupewa, nililitolea jasho.

Lakini kuna nyumba moja ambayo nimeitaka miaka yote hii na sijaipata. Iko Dilala, katika zile safu za nyumba za kampuni: vyumba viwili, jiko la nje, tofali nyekundu, na mti wa avoka, yaani parachichi, ambao mama aliupanda nyuma ya jiko. Nilizaliwa humo. Niliipoteza Jumapili moja, kwenye kiwanja cha mpira, na mpaka leo wazee wa umri wangu wakikaa mbele ya bia wanaisimulia ile Jumapili. Kila mmoja anasema alikuwepo. Kama wote wangekuwepo kweli, kile kiwanja kingepasuka. Mi ndiye niliyekuwa na mpira mguuni. Basi nisikilizwe mi.

Zamani zile kampuni ya migodi ilikuwa baba na mama wa Kolwezi. Ilitoa mposho wa unga na samaki, ilitibu, ilisomesha, ilipaka hata rangi ya milango yetu. Na ilikuwa na sauti. Sauti yake ilikuwa sirene, juu ya paa la atelye kubwa, karakana ya mashine. Ililia asubuhi, ililia saa kenda mchana, ililia usiku, kila zamu moja ilipowapisha wengine. Kwetu hapakuwa na saa ukutani, na hatukuikosa. Sirene ikilia, mama anatia unga kwenye maji ya bukari, ugali wetu. Sirene ikilia, bibi wa jirani anafunga duka lake la mkaa.

Tata, baba yangu, alikuwa mtu wa mashine. Alikuwa na sheria moja ambayo aliileta kutoka atelye mpaka mezani kwetu: sirene ikianza, mkono unasimama pale ulipo. Kule kazini ilikuwa na maana. Zamu mpya ikiingia, mwenzako anaweza kuwasha mashine huku mkono wako ungali ndani, na tata aliwahi kuokota kidole cha rafiki yake sakafuni. Nyumbani haikuwa na maana yoyote, lakini tulifuata. Tonge likiwa njiani kwenda mdomoni, linangoja. Ukiwa umeinua fimbo kumpiga ndugu yako, fimbo inabaki juu mpaka sirene inyamaze, kisha unampiga. Aliyesahau alipata konzi moja ya kichwa, na konzi ya mtu wa mashine si ya mchezo. Karibu watoto wote wa Dilala walilelewa hivyo. Tukicheza goroli barabarani, sirene ikilia, barabara nzima ilikuwa kama picha.

Mwaka ule ninaouzungumzia tata alikuwa anaingia retreti, yaani anastaafu. Na sheria ya kampuni ilikuwa hiyo: ukienda retreti unarudisha ufunguo, isipokuwa kama mtoto wako ameingia kazini na kuchukua nafasi katika nyumba. Ndugu zangu walikuwa wadogo. Kwa hiyo ufunguo ule ulikuwa unaning'inia kwangu, na mi sikuwa na cheti hata cha kufunga mlango.

Nilikuwa na mpira. Hapa sitasema kwa unyenyekevu, kwa sababu ningekuwa ninadanganya: upande wa kushoto wa uwanja, katika Kolwezi yote, hapakuwa na mwingine. Nilicheza timu ya atelye ingawa sikuwa mfanyakazi. Kampuni ilipenda mpira wake. Wachezaji walipewa viatu, chakula cha mchana, mfuko wa unga baada ya ushindi, na waliocheza vizuri sana walipewa kitu kikubwa kuliko vyote, yaani kontra, mkataba wa kazi. Kuna watu niliowajua ambao waliajiriwa kama mafundi wa umeme na hawakuwahi kugusa waya. Kazi yao ilikuwa kufunga magoli Jumapili. Walikuwa wachezaji wa mshahara, hata kama karatasi ilisema mengine.

Jumapili ile tulicheza na timu ya shimo, yaani wale waliochimba kwenye mgodi wa wazi. Kipa wao alikuwa kijana mrefu kutoka kaskazini ya Katanga, mikono kama mapanga, aliyefunga rozari yake kwenye mwamba wa goli kabla ya kila mchezo. Yeye pia hakuwa na kontra. Alikuwa anabeba mawe kama kibarua wa siku, analala kwa shangazi yake pamoja na watu wengi katika chumba kimoja.

Kabla ya mchezo, yule mkubwa wa kampuni aliyeajiri watu akatuita sisi wawili kando, nyuma ya kamyo. Alikuwa mnene, na alipenda mpira kuliko kazi yake.

"Nafasi ni moja," akasema. "Weye winga, ukifunga, ni yako. Weye kipa, ukimuzuia mpaka mwisho, ni yako. Sitaki kuona muntu yoyote ku biro kesho akilia."

Kipa akaniangalia toka juu.

"Mutoto wa Dilala, mposho yote ile ulikula, mbio ilibakia mu nyungu?"

"Mi nilikula mposho," nikamjibu. "Weye leo utakula goli."

Tulianza baada ya misa na baada ya wale wa kanisa la Protestanti kumaliza nyimbo zao, ambazo siku zote zilikuwa ndefu. Na hapa lazima mgeni aelewe desturi yetu. Mchezo wa Jumapili haukuisha kwa saa ya mkono. Uliisha kwa sirene ya saa kenda. Wachezaji wengine na watazamaji wengi walikuwa wa zamu ya mchana, na kamyo ya kuwapeleka kazini ilikuwa imepaki nyuma ya goli, shofeli, dereva wake, akiwa amekaa juu ya paa la kabini anaangalia mpira. Sirene ikilia, mwenye filimbi anapuliza, wote wanapanda kamyo. Haikuwahi kuwa vinginevyo.

Nilicheza vizuri. Muulize yeyote. Beki wao wa kulia nilimpita mpaka akaanza kunisalimia. Lakini yule kipa alikuwa ameamka na shetani zake nzuri. Niliupiga chini, akalala. Niliupiga juu, akaruka. Mara moja niliupiga kwa kichwa, nikaanza kabisa kukimbia kwenda kwa mama kusherehekea, nikasikia watu wananyamaza. Kugeuka, jamaa ameukumbatia mpira kama mtoto wake.

"Patia mama salamu yangu!" akanipigia kelele.

Jua likasogea. Nilijua muda unaisha, kwa sababu kivuli cha kamyo kilikuwa kimefika kwenye mstari, na kwa kawaida kikifika hapo sirene iko karibu. Kivuli kikavuka mstari. Kikaingia uwanjani. Sirene kimya.

Mwenye filimbi alikuwa kapitene wa wafanyakazi wa reli, mzee mwenye saa nzuri sana ya mkono ambayo kampuni ilimpa zawadi. Tulimwona anaiangalia, anaitikisa, anaiweka sikioni. Kisha akashusha mkono na kuendelea kukimbia.

Kipa akatoka golini. "Tata, saa imepita! Angalia saa yako!"

"Saa yangu ni ya kwangu," mzee akamjibu. "Sirene ni ya kampuni. Sirene haiyalia. Rudia mu goli."

Haijalia, basi mchezo haujaisha. Na watu wote wakaona amesema sawa! Leo nikiwasimulia vijana wangu wa depo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Uwanja mzima, watu wazima, wengine wana saa mikononi, na hakuna aliyewaza kwamba sirene yenyewe inaweza kukosea. Wale wa zamu ya mchana walibaki wamekaa. Shofeli alibaki juu ya kabini. Tulikuja kujua baadaye kwamba umeme ulikatika upande wa atelye, na kwamba kule ndani zamu ya asubuhi nayo ilibaki kazini imeshika nyundo, inangoja, ikishangaa mchana wa siku hiyo ulivyo mrefu.

Kwangu ilikuwa zawadi kutoka mbinguni. Kila dakika ya nyongeza ilikuwa yangu, na kila dakika ilikuwa inamtafuna yule kipa. Yeye alikuwa ameshapata kontra, alikuwa ameishika mkononi, na sasa walikuwa wanaivuta tena.

Tukacheza. Mzee alitupumzisha, tukacheza tena, akatupumzisha tena. Wamama walileta munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika ndoo, tukanywa kama ng'ombe. Mtu mmoja akampelekea kipa hindi la kuchoma, akawa analila huku mpira uko upande wa pili. Wachezaji walianza kuanguka wenyewe bila kuguswa. Beki wetu mmoja aliketi katikati ya uwanja, akavua viatu, akasema yeye ameshatoka katika dunia hii. Wachezaji wa akiba waliisha. Mwisho tulibaki wachache kila upande, tunatembea kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea, na watazamaji hawakuondoka hata mmoja. Hata walioitwa na wake zao walijibu, "Sirene haiyalia."

Tata alikuwa amesimama karibu na goli la timu ya shimo toka mwanzo. Hakupiga kelele. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, mikono nyuma. Mama alikuwa upande wa pili na wamama wenzake, na huyo kelele zake nilizisikia mpaka mwisho: "Mutoto wangu, nyumba! Nyumba!" Hakusema goli. Alisema nyumba.

Jua lilipogusa ile milima ya mchanga wa mgodi, mpira ukanifikia. Sijui nani alinipa. Nadhani ulijigonga tu kwenye mguu wa mtu. Mbele yangu hapakuwa na beki, wote walikuwa wamelala. Nilikimbia. Miguu haikuwa yangu tena, lakini ilikimbia. Kipa akatoka kunifuata, na alipotaka kuruka, mshipa wa mguu ukamkaza. Akaanguka, akaushika mguu kwa mikono miwili, akapiga kelele kama mtu aliyechomwa.

Goli likawa wazi. Lote. Rozari ilikuwa inacheza kwenye mwamba, nakumbuka, na nyuma yake nilimwona tata. Niliinua mguu wangu wa kushoto.

Umeme ukarudi.

Sirene ililia siku ile kama haijawahi kulia, kama inaomba radhi kwa kuchelewa. Na mi nikasimama. Mguu juu, mikono imetanuka, mpira mbele yangu umetulia kabisa, umbali wa kutema mate. Sikuwaza. Atakayekuambia nilichoka, muongo. Atakayesema niliogopa, mlete kwangu. Mwili wangu ulisikia sirene, basi. Na si mi peke yangu: mwenye filimbi alisimama, shofeli alisimama juu ya paa, muuza munkoyo alibaki na kikombe hewani, kipa pale chini aliacha hata kulia kwa maumivu. Nyuma ya goli tata alikuwa amesimama wima.

Sirene iliponyamaza, filimbi ikapulizwa. Mguu wangu ukashuka wenyewe, ukaugonga mpira, nao ukaenda polepole ukaingia golini, baada ya kila kitu kwisha. Hakuna aliyeshangilia. Watu wa zamu walikuwa wanapanda kamyo mbio.

Mama alivuka uwanja mzima.

"Weye!" akanishika shati. "Ule muguu ilikuwa ya kampuni? Kampuni ilikulipa lini ule muguu? Unasimama mbele ya nyumba yako!"

Tata akaja taratibu, akamtoa mama mkono kwenye shati langu, akanitazama. Nilingoja konzi.

"Hata mi ningesimama," akasema.

Kisha akavua koti lake la kanisani akanifunika nalo, kwa sababu nilikuwa natetemeka, tukaenda nyumbani.

Mwisho wa mwezi tata alirudisha ufunguo. Alifagia nyumba kwanza, akapaka chokaa kwenye jiko, ingawa hakuna aliyemwomba. Mama alikataa kuaga mtu yeyote. Aliuaga mti wa avoka tu. Tukahamia Manika, chumba cha tofali mbichi cha kupanga. Na aliyepewa nyumba yetu ni nani? Yule kipa. Aliingia na shangazi yake na rozari yake.

Kutoka pale hadithi yangu inajulikana. Nilianza na velo, baiskeli ya kusukuma magunia ya mkaa. Kisha chumvi na samaki mkavu, kwa treni mpaka Kisenge, nalala juu ya mzigo wangu mwenyewe ili wasiniibie. Kisha pikipiki moja, kisha kamyo ya kwanza ambayo ilikuwa mbovu mpaka niliogopa kuizima. Wakati ule watu wa kampuni walikuwa wanaanza kukaa miezi bila mshahara, na mi nilikuwa ninawakopesha unga. Wapo wanaoniambia, "Patron, bahati yako ulikosa lile goli." Mi huwajibu sikukosa. Kukosa ni kupiga nje. Mi niliheshimu saa.

Tata alifariki katika nyumba ya etaje, katika kitanda kizuri. Lakini hakuizoea. Mchana saa kenda nilimkuta mara nyingi kwenye balkoni amegeuza sikio upande wa atelye. Sirene ilikuwa imekufa zamani. Ninaweza kusema nilimnunulia tata kila kitu, ila hicho hakikuwa kinauzwa.

Kiwanja kile nacho hakipo. Vijana wachimbaji kutoka kila upande wa Kongo wamekigeuza mashimo. Penye goli sasa pana turubai ya bluu na foleni ya magunia. Sisemi neno, wanatafuta maisha kama nilivyotafuta. Nikipita pale, shofeli wangu anajua kupunguza mwendo.

Nyumba ya Dilala ipo. Kampuni ilipoanza kuwauzia wafanyakazi wake nyumba walizokaa, kipa aliinunua. Sasa ni mzee wa retreti, mguu ule uliokaza unamsumbua wakati wa mvua. Kila mwaka avoka zikiiva anampelekea mama kikapu. Na karibu kila Jumapili mi nakwenda kumuuliza bei.

"Taja bei," namwambia. "Taja, usiogope. Mi si muntu wa kukosa."

"Ulikosa mara moja," ananijibu.

"Sikukosa! Uko chini unalia kama mutoto, goli iko wazi!"

"Nilikuwa nakutega. Ungepiga, ningeamuka."

"Na muguu gani?"

"Ule ule."

Tunaendelea hivyo mpaka mke wake analeta bukari na sombe, majani ya muhogo, ili tufunge midomo.

Mwezi uliopita nikaona nimeshindwa peke yangu, nikamchukua mama. Nikawaza, huyu kipa anamheshimu mama. Mama akiomba, hatakataa. Nikamvalisha vizuri, nikampandisha jeep yangu mpya, tukaenda. Alizunguka nyumba yote kwa fimbo yake. Aliingia jikoni, akapitisha kidole ukutani. Alikaa kwenye mzizi wa avoka wake, akapapasa gome. Kisha akamwita kipa.

"Baba, huyu mutoto wangu anataka kununua."

"Ndiyo, mama. Anasema kila siku."

"Alishakuambia atafanya nini nayo?"

Kipa akaniangalia. Mi nikaangalia jeep. Ni kweli nilikuwa nimeshachora kidogo, na fundi wangu alikuwa ameshapima kwa macho: etaje moja, vigae, parking ya makamyo mawili pale nyuma, upande wa jiko. Upande wa avoka.

"Atavunja," mama akasema. "Mi namujua. Atajenga kingine cha ngazi na kuniweka tena juu mu baridi. Usimuuzie."

"Mama!" nikasema. "Mi nataka kukurudishia nyumba!"

"Nyumba iko hapa. Umenileta leo na gari, nimeiona, inasimama. Unilete tena Jumapili." Akamgeukia kipa. "Usimuuzie, umesikia?"

"Nimesikia, mama," kipa akasema, na nilimwona anajizuia kucheka, yule muntu mrefu mwenye mikono kama mapanga. Amenizuia tena, na safari hii kwa msaada wa mama yangu mwenyewe.

Basi Jumapili tunakwenda wote. Mama anakaa kwenye mzizi wake na mke wa kipa wanachambua sombe. Sisi wawili tunakula avoka na chumvi, na tunabishana. Jumapili iliyopita alisimama, akaweka avoka moja mbichi chini, katikati ya jiko na kamba ya nguo, akaniambia, "Haya, piga. Sirene haiko tena ya kukuokoa."

Nikavua kiatu cha kushoto. Kiatu cha bei, sitakitia matope kwa ajili yake. Nikainua mguu.

"Muache avoka yangu!" mama akapiga kelele, na wote wawili tukasimama pale pale.